Doa Alivyosimama Dede

Ukiingia sebuleni mwa nyumba nyingi za mtaa ule, hata leo, ukatazama ukutani, utaona jambo ambalo wenye nyumba wenyewe hawalioni tena kwa kulizoea. Watoto waliopigwa picha miaka ile hawaitazami kamera. Wote, wa nyumba hii na wa nyumba ile, wanatazama chini kidogo, upande wa kushoto, kana kwamba kuna mtu mfupi amesimama pale anawasimulia kisa. Na wote wanacheka, au wanaelekea kucheka. Waliokuwa watoto siku hizo sasa wana watoto wao, na ukiwauliza walikuwa wanatazama nini, watakwambia hawakumbuki.

Redio alikuwa anakumbuka.

Redio halikuwa jina lake. Mama yake alimpa kwa utani alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa mtoto asiyetoa sauti. Wageni wakimsalimia, alijificha nyuma ya mlango. Akitumwa dukani, alinyoosha kidole kwenye kitu alichotumwa na kusubiri. "Redio yangu imeisha betri," Mama aliwaambia watu, "lakini siitupi, siku moja itaimba." Jina likaganda. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa shule ya mbali, na kila akirudi nyumbani aliitwa vilevile.

Safari hii alikuja kuwasaidia wazazi wake kufunga studio. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Picha, macho yalikuwa yameanza kumchosha, na chumba chake cha kazi kilikuwa kinakabidhiwa kwa muuza vipuri vya pikipiki. Kesho yake Redio angerudi shuleni. Alikuwa na jambo moja tu rohoni, na alikuwa amelibeba njia nzima: alitaka picha ya Baba.

Maana mtu yule aliyepiga picha mtaa mzima hakuwa na picha yake mwenyewe hata moja. Iliyokuwepo ni ile ya harusi, iliyopigwa na rafiki yake ambaye siku hiyo ndiyo kwanza anashika kamera, na ambaye, kwa furaha au kwa kinywaji, alikikata kichwa cha bwana harusi. Mama yupo, amependeza, ua mkononi. Pembeni yake kuna koti jeusi, tai, na shingo inayoishia kwenye ukingo wa karatasi.

"Mimi niliolewa na koti," Mama husema akiwaonyesha wageni. "Ila ni koti lenye adabu, sijalijutia."

Kila Redio alipomwomba baba yake akae apigwe moja tu, mzee alikuwa na jibu lake. "Sura yangu naijua. Nainyoa kila asubuhi."

Asubuhi hii, kwa kubembelezwa sana, alikubali. Kwenye ile kamera kubwa ya mbao, yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, ilikuwa imebaki filamu moja ya mwisho. Mama alimvalisha koti, mojawapo ya yale waliyokuwa wakiwaazima wateja, akamchana nywele chache zilizobaki, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya pazia. Pazia lilichorwa ngazi nyeupe na bustani yenye maua makubwa kuliko vichwa vya watu. Redio hakuwahi kuiona bustani ya namna ile popote, lakini nusu ya watu aliowafahamu walikuwa wamepigiwa picha humo.

"Tulia, Baba," alisema kutoka chini ya kitambaa.

"Taa ya kulia iko karibu mno."

"Iko sawa."

"Itanichoma shavu." Akainuka, akaisogeza taa, akarudi. "Hakikisha sina ukungu."

"Ukungu unao tangu nikujue," Mama akamjibu kutoka mlangoni, ambako alikuwa anakunja makoti. "Kaa, koti langu, mtoto ana safari."

Alikaa. Lakini kila Redio alipokaribia kubonyeza, uso wa mzee uligeuka ubao. Midomo ilijikaza, shingo ikarefuka, macho yakamtoka kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Yule hakuwa Baba. Redio aliona bora akose picha kuliko kuondoka na ya mtu asiyemjua.

"Tupumzike kidogo," alisema.

Akaingia chumba cha giza kumalizia kufunga vitu. Harufu ya dawa ya kusafishia picha ilikuwa bado imekaa ukutani, kali na chachu, harufu ambayo kwake ndiyo iliyokuwa ya nyumbani kuliko ya chakula chochote. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya mabeseni matupu, mkono wake uligusa kitu cha duara kilichozungushiwa waya mrefu. Akakishusha. Ilikuwa ile balbu nyekundu ya zamani, ambayo mwanga wake hauharibu karatasi za picha.

Aliipangusa vumbi kwa kiganja. Kisha akakaa sakafuni, palepale chini ya meza, bila kujali sketi.

*

Doa alikuja na mvua. Siku hiyo wateja walikimbilia ndani, wakajaza benchi la kusubiria, na mvua ilipokatika wote wakaondoka isipokuwa mmoja, aliyekuwa chini ya benchi, analamba maji ya mwavuli wa mtu. Alikuwa kitoto cha mbwa, mweusi mwili mzima, na kifuani ana alama nyeupe kama tone la maziwa.

Baba Picha aliinama akamwangalia kwa muda.

"Maisha yangu yote napigana na madoa," alisema. "Kwenye vioo, kwenye karatasi, kwenye makoti. Leo doa limekuja kwa miguu yake."

Hakukusudia kumpa jina, lakini Mama alicheka sana, na kitu ambacho Mama amekicheka kilikuwa hakisahauliki tena katika nyumba ile. Redio yeye hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti, na kitoto kile kilikuwa kimeshaingiza pua kwenye kiganja chake.

Doa alipewa ruhusa ya kukaa mpaka manyoya yake yakauke, halafu mpaka kesho, halafu Baba Picha akachoka. Mbwa alitafuna pindo la pazia, sehemu ya chini ya ngazi nyeupe, na bibi harusi mmoja alirudisha picha kwa sababu kulikuwa na manyoya kwenye shela.

"Katika nyumba hii kila mtu ana kazi," Baba alisema siku hiyo mezani, bila kupandisha sauti. "Mama yako anawachana watu. Mimi napiga. Wewe unasuuza picha. Huyu anafanya nini?"

Redio alitazama sahani yake.

"Nimeongea na muuza nyama. Anataka mbwa wa kulinda kibanda chake usiku. Akirudi kutoka kununua ng'ombe atampitia. Kule atashiba, mwanangu. Sio kwamba namtupa."

Redio alikuwa amemwona yule mbwa wa zamani wa muuza nyama, aliyefungwa kwenye nguzo kwa kamba fupi mpaka nguzo yenyewe ikawa na mduara wa vumbi kuizunguka. Chozi lilidondoka kwenye maharage yake, akalila pamoja nayo.

Basi ikawa ni lazima Doa apate kazi kabla muuza nyama hajarudi.

Kazi yenyewe Redio aliipata kwa kutazama, maana asiyesema sana ana muda mwingi wa kutazama. Aliona kwamba shida kubwa ya baba yake ni watoto wadogo. Mtoto anawekwa kwenye kigoda, ametulia, anakula vidole vyake. Ghafla yule baba mpole anaingia chini ya kitambaa cheusi na kugeuka kuwa kitu kisicho na kichwa, chenye jicho moja la kioo na miguu mitatu ya mbao. Nani asingelia? Baba Picha alikuwa na filimbi, na alikuwa na mwanasesere wa kuwapungia. Mwanasesere alikuwa ameng'oka jicho, na watoto waliokuwa hawajalia wakimwona yeye ndipo wanaanza.

Siku moja mtoto wa aina hiyo alikuwa analia kama anachinjwa, na Doa, ambaye hakutakiwa kuwemo, akaona biskuti kwenye ukingo wa meza ya Mama. Akajiinua kwa miguu ya nyuma ili aifikie. Alisimama kidogo tu, kisha akaanguka kwa makalio. Lakini kile kidogo kilitosha: mtoto alinyamaza, mdomo wazi, chozi limesimama shavuni. Baba Picha alikuwa anabadilisha filamu, hakuona. Redio aliona.

Akaanza kumfundisha. Tatizo lilikuwa mahali. Studio mbwa haruhusiwi. Jikoni Mama hataki. Uani kuna majirani, na Redio akitazamwa na watu hata kutembea kwake mwenyewe humshinda. Kikabaki chumba cha giza, ambako jioni alimsaidia baba yake kusuuza picha na kuzitundika kwenye kamba kwa vibanio. Baba akitoka kwenda kula, yeye alibaki kumalizia. Alimtoa Doa chini ya meza, akafunga mlango, na katika ule mwanga mwekundu wakaanza shule.

Alimshikia kipande cha biskuti juu ya pua. Doa akakirukia. Akakipandisha zaidi. Doa akasimama, akayumba, akaanguka kinyumenyume ndani ya ndoo ya maji ya kusuuzia, na picha za kipaimara cha mtu fulani zikaoga mara mbili. Redio alimfuta kwa gauni lake. Siku nyingine alimshika viganja vya mbele, akarudi nyuma polepole, kama watu wanavyowafundisha watoto wachanga, na neno lilimtoka lenyewe, lile lile ambalo Mama huwaambia watoto wa wateja wanaojifunza kusimama.

"Dede," alinong'ona. "Dede, Doa. Dede."

Mbwa alimtazama kwa macho mawili mekundu yenye kung'aa, mazito kwa heshima, kana kwamba ameambiwa siri ya nchi.

Hakujua kufundisha. Akimsifu haraka, Doa alishuka kuja kulamba sifa. Akichelewa kumpa biskuti, alikata tamaa akalala chali. Ilibidi ajifunze kunyamaza mahali pake na kuongea mahali pake, jambo ambalo shuleni walishindwa kumfundisha. Alipata kujua kwamba mbwa akisimama lazima aangalie mbele, asiangalie biskuti juu, maana akiinua kichwa sana anaanguka; basi akawa anaishusha biskuti mpaka usawa wa tone lile la maziwa kifuani, na kuisogeza mbali kidogo kidogo. Doa akapiga hatua. Akapiga nyingine. Mikono ya mbele aliikunja kifuani, kama bibi mzee anayevuka barabara na pochi yake. Redio alijiziba mdomo kwa viganja viwili asicheke kwa sauti.

Jioni moja, akiwa katikati ya somo, aligeuka akaona mlango uko wazi kiasi cha upana wa kidole, na nyuma yake jicho. Ukafungwa polepole. Baba yake hakusema kitu siku hiyo wala kesho yake. Ila biskuti kwenye mkebe zilianza kuongezeka, na Mama alimuuliza mumewe tangu lini amekuwa mtu wa biskuti.

"Dawa ya kusafishia inanipa njaa," Baba alisema.

Lakini hakumtumia muuza nyama ujumbe asije. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno alishalitoa.

Muuza nyama alirudi siku ya Jumamosi, siku ya watu wengi. Alikuwa mtu mnene wa kicheko kirefu, si mbaya. Alikaa kwenye benchi na kamba mpya imekunjwa pajani, akasema hana haraka, amalize wateja. Mbele yake kwenye foleni alikuwepo dereva wa lori na mtoto wake wa kiume wa umri wa kuanza kutambaa. Lori lilikuwa nje, limeshapakiwa, limefunikwa turubai.

"Naondoka sasa hivi," dereva alimwambia Baba Picha. "Nitakaa sana huko. Nataka moja tu, ameniangalia vizuri, niiweke kwenye kioo cha mbele. Asilie, tafadhali. Akilia kwenye picha nitakuwa namsikia njia nzima."

Baba Picha akaingia chini ya kitambaa. Mtoto akaanza.

Filimbi ikapigwa. Mwanasesere akaletwa, na hapo kilio kikapanda daraja. Mama akaimba, akapiga makofi, akajifunika kitambaa akafunua. Dereva alijaribu kucheka kwa nguvu ili kumwonyesha mtoto namna ya kucheka, na ilikuwa inatisha kuliko kamera.

"Huyu atakuwa mnadi," muuza nyama akasema kutoka benchini. "Mapafu hayo."

Redio alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha giza, Doa mikononi. Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa na macho. Lakini kamba ile ilikuwa pajani mwa yule mtu, mpya, bado ina harufu ya duka. Akatembea mpaka karibu na kamera, akamweka Doa chini, akatoa biskuti.

"Dede," akasema.

Doa alikaa. Akajikuna sikio.

"Dede, Doa."

Doa akapiga miayo mpaka ulimi ukakunjika ncha. Taa zile kubwa za studio zilimwangazia manyoya yote, na yeye alizitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa.

"Njaa ikimshika atasimama," muuza nyama alisema, na watu wa benchini wakacheka, kicheko cha kawaida tu, hakikuwa na ubaya. Lakini Redio alihisi uso unawaka. Mtoto aliendelea kulia. Dereva alitazama saa ya ukutani. Doa akainuka, akageuka, akakimbilia alikotoka, kwenye mlango wa chumba cha giza uliobaki wazi.

Redio akamfuata ili ajifiche naye. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake: kuingia na kufunga mlango. Alipofika kizingitini akasimama. Ndani, katikati ya chumba, chini ya ile taa nyekundu, Doa alikuwa amesimama kwa miguu miwili, wima, mikono kifuani, anamsubiri.

Alielewa. Alikuwa amemfundisha vizuri kabisa, ila alimfundishia humo. Kwa Doa, dede halikuwa neno wala biskuti. Dede ilikuwa ni mwanga ule. Dunia ikiwa nyekundu watu husimama; ikiwa nyeupe, wanajikuna.

"Baba."

Hakuna aliyesikia.

"Baba!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, na chumba kizima kikageuka, hata mtoto akavuta pumzi kidogo ili ajue ni nani anayeshindana naye. "Taa nyekundu. Lete taa nyekundu huko. Hajui kusimama kwenye mwanga mweupe. Nilimfundisha huku ndani."

Taa ile ilikuwa haitoki. Hiyo ilikuwa sheria. Baba Picha alikuwa anaweza kumwazima mtu koti, tai, hata viatu, lakini kitu cha chumba cha giza hakikuwahi kuvuka kizingiti. Alitoa kichwa kwenye kitambaa, nywele zimesimama, akamtazama binti yake, kisha akamtazama yule mbwa aliyesimama kwenye mwanga mwekundu kama mlinzi wa benki.

"Hata mimi," alisema hatimaye, "nikitoka mle ndani huwa sijui nifanye nini."

Akaenda akaileta. Akaiunga na waya mrefu, akaitundika kwenye mguu wa kamera, chini ya jicho la kioo, upande wa kushoto, akazima taa moja kubwa ili ile nyekundu ipate nafasi. Redio akapiga magoti.

Hakusema hata dede. Doa alikuja mwenyewe mpaka kwenye wekundu ule, akajiinua, akakunja mikono, na akaanza kutembea. Alitembea kwa taadhima, tumbo mbele, kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka. Alifika kwenye mguu wa kamera, akageuka kwa kuyumba, akarudi.

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado umefunguka. Akanyoosha kidole. Kisha kikatoka kicheko kile cha watoto kinachoanzia tumboni na kuwashtua wao wenyewe, na baba yake, yule dereva, akacheka naye, cha kweli sasa. Kamera ikafanya kale kamlio kake kadogo.

"Tayari," Baba Picha alisema.

Muuza nyama alikuwa amesimama ili aone vizuri, kamba imeanguka sakafuni. Aliiokota taratibu. "Sasa hii kamba niifanyeje?"

"Rudi nayo, ndugu yangu," Baba Picha alimjibu, akiwa ameshaingia tena chini ya kitambaa, na sauti yake ilitoka humo nzito kidogo. "Huyu ameajiriwa."

Ndiyo maana watoto wote wa mtaa ule wanatazama chini, upande wa kushoto. Miaka ile taa nyekundu ilihamia studio, na chumba cha giza kikanunuliwa nyingine. Redio alikuwa ndiye wa biskuti, hadi alipokwenda sekondari ya bweni, na hapo Baba akajifunza kuishika mwenyewe, mkono mmoja kwenye kamera na mwingine umeshuka, vidole viwili vimebana kipande. Halafu zikaja picha za rangi. Wekundu ule ambao kwenye picha za nyeusi na nyeupe haukuonekana, kwenye rangi uliwapaka watoto mashavu kama wana homa, ikabidi balbu izimwe. Kwa bahati Doa naye alikuwa ameshazeeka, nyonga zinamuuma, anapenda kulala kwenye kizingiti. Aliondoka akiwa usingizini, msimu mmoja wa mvua, na Baba Picha alimzika uani karibu na bomba. Alimwandikia binti yake habari zote za nyumbani, za bei ya dawa na za paa linalovuja, na hiyo hakuiandika. Alimwambia alipofika likizo, akiwa amempa mgongo.

*

Redio aliinuka sakafuni, akajikung'uta sketi. Alitoka na balbu akiwa ameificha kwenye mkunjo wa sketi.

Baba yake alikuwa bado kwenye kigoda, analegeza tai.

"Bado?" aliuliza. "Au umeghairi? Mimi nilikwambia, hii sura si ya kupiga."

"Kaza tai, Baba. Mara moja tu."

Alipita nyuma ya kamera, akaingiza waya kwenye soketi, akaitundika balbu kwenye mguu ule ule, kwenye msumari uliokuwa bado upo, umeota kutu. Akainama chini ya kitambaa. Kwenye kioo cha kamera ile watu huonekana kichwa chini miguu juu, na tangu utotoni alikuwa amezoea kuwasoma hivyo. Alimwona baba yake amening'inia kutoka kwenye bustani yenye maua makubwa, ubao vilevile, macho yamekazwa.

Akabonyeza swichi ya ukutani kwa mkono wa nje.

Mama, mlangoni, aliacha kukunja. Ile taa ilichelewa kidogo, ikapepesa, ikawaka.

Mwanzoni mzee hakusogea. Kisha macho yake yakashuka, taratibu, yakaenda kushoto, chini ya jicho la kioo, yakatua pale. Shingo ilirudi mahali pake. Mkono uliokuwa umebandikwa kwenye goti ukaanza kushuka wenyewe, na vidole viwili vikakutana, kama vimebana kitu kidogo cha kuvunjika kwa urahisi.

"Dede," alisema, kwa sauti ya chini sana, kana kwamba hakuna mtu mwingine chumbani.

Kwenye kioo, kicheko kikiwa kichwa chini hufanana na huzuni, na mtu asiyezoea angeweza kudanganyika. Redio alikuwa amezoea. Akabonyeza.

Picha ile aliisafisha mwenyewe siku hiyohiyo, kabla mabeseni hayajafungwa, kwa dawa iliyokuwa imebaki chupani. Baba alisimama nyuma yake akimwelekeza, itikise, usiitikise sana, sasa itoe, na safari hii alimwacha aelekeze. Walipoitundika kwenye kamba inachuruzika maji, Mama aliingia, akaikaribia mpaka pua ikataka kugusa karatasi, na akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe linacho kichwa," alisema, akijifuta macho kwa mkono wa koti la wateja. "Na kizuri hivyo."